Mayai ya Bukini kwenye Nyuzi Nne

Asubuhi ile ya Jumatatu nilikuwa na furaha ya kijinga, furaha ya mtu anayesubiri kusifiwa. Nilikuwa nimenyoa ndevu, nimevaa koti zito la bohari, na mkononi nina fomu iliyojazwa bila kuruka mstari: tangu Jumamosi saa sita mchana hadi Jumatatu saa moja asubuhi, kila baada ya saa mbili, nyuzi joto nne, nyuzi nne, nyuzi nne. Mwenye mzigo alipoingia sikungoja hata salamu ziishe.

"Mama, mzigo wako haujaguswa na joto hata dakika moja," nikamwambia, na nikauvuta mlango wa chumba cha baridi kwa mbwembwe.

Boksi lilikuwa kwenye rafu ya kati, mbali na feni, kama alivyonifundisha mwenyewe. Akalitazama. Akatazama kipimajoto cha ukutani. Akanitazama mimi. Kisha akashika ukingo wa rafu kwa mikono miwili, na mwanamke ambaye miaka yote sikuwahi kumwona ameketi saa za kazi akaketi chini, kwenye sakafu yenye maji, na gauni lake la kutokea.

"Umeyatia baridi," akasema. "Mayai ya kutotolesha, umeyatia baridi."

Mimi sijawahi kufuga hata kuku. Yai kwangu ni kitu cha kuharibika, na kitu cha kuharibika dawa yake ni baridi. Lakini pale, kabla hajaongeza neno, nilielewa nilichokifanya. Ndani ya yai la kutotolesha kuna kiumbe kimelala, na mimi nilikuwa nimekilaza kwenye baridi saa arobaini na tatu, tena nikijipiga kifua.

Tulimwita Bi Nyuzi, kwa kificho. Alitunza chanjo za watoto kwenye bohari kuu ya dawa kwa miaka ishirini na sita, na alikuwa anauliza nyuzi joto kabla ya kuuliza hali. Ukimpigia simu kumwambia umefiwa, angekupa pole kwa dhati, halafu angeuliza nani amebaki na jokofu. Kanuni yake ilikuwa moja: ukitia shaka, tupa. Siku moja umeme ulikatika na hakuna aliyejua ulikatika kwa muda gani. Alitutupisha shehena nzima, na mkuu wa idara akaja amefura kama andazi. Bi Nyuzi alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama yuko tayari mjukuu wake achomwe chanjo ile. Mkuu aliondoka bila kuaga.

Mimi niliingia mikononi mwake nikiwa karani mbichi, na aliniita "wewe kijana". Leo nina miaka arobaini na mbili, kipara na watoto watatu, nimehamia bohari ya mizigo ya uwanja wa ndege, na bado ananiita "wewe kijana".

Mayai yalitoka kwa fundi majokofu. Miaka kumi na tisa nyuma, mzee mmoja alikuja kutoka ng'ambo kutufungia chumba cha baridi cha kwanza. Alikaa wiki sita. Hakujua lugha yetu, Bi Nyuzi hakujua ya kwao, nami ndiye niliyekuwa natafsiri. Wakati wa mapumziko yule fundi hakutuonyesha picha za wanawe kama watu wengine. Alituonyesha bata bukini. Si bukini wa kawaida: hawa manyoya yao marefu yamejikunja, yananing'inia mpaka chini kama nywele zilizotoka kwenye rola, na hawawezi hata kuruka. Alisema wamebaki wachache mno, na kwamba wakiisha wale wa shambani kwake huenda ndiyo basi. Bi Nyuzi aliitazama ile picha kama mtu anayesoma barua ya posa. Tangu siku ile waliandikiana, mimi nikiwa mkalimani wao wa kudumu, bila mshahara.

Alipostaafu, nyumba ilimshinda. Mdogo wake, mshonaji anayeishi naye, alinilalamikia kwamba dada yake amebandika kipimajoto kwenye kabati la vyombo. "Anapima joto la vikombe," aliniambia. "Mtafutieni huyu kazi kabla hajanipima na mimi." Ndipo Bi Nyuzi alipoagiza mayai. Alihangaikia kibali cha kuingiza kwa miezi saba, akajenga banda lenye bwawa dogo la saruji uani, akanunua mashine ya kutotolesha. Alimwahidi fundi kwamba bukini wale watapata kwao kwa pili. Hilo ndilo lilikuwa neno lake: kwao kwa pili.

Ndege ikatua Jumamosi, na muhuri wa ofisi ya mifugo haungepatikana mpaka Jumatatu. Akanipigia simu. "Wewe kijana, niwekee mzigo wangu kama nilivyokufundisha." Basi. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza zaidi, maana mwanafunzi mzuri haulizi alichofundishwa. Juu ya boksi fundi mwenyewe alikuwa ameandika kwa kalamu nene: usiweke penye joto. Niambie sasa, mtu wa kazi yetu angefanya nini?

Kulikuwa na bahasha iliyobandikwa ubavuni, imefungwa, ina jina lake. Sikuigusa, kwa kuwa pia alinifundisha kutogusa kisicho changu. Sasa, akiwa bado sakafuni, alinyoosha kidole.

"Nisomee."

Nikaifungua. Mstari wa kwanza ulisema mayai yakae mahali pa ubaridi wa wastani, nyuzi kumi na tano, na kwa vyovyote vile yasiingie kwenye jokofu. Nilisoma kwa sauti kwa sababu aliniamuru. Nilitaka kuishia hapo.

"Endelea."

Nikaendelea. Fundi alisema miguu yake imekataa kazi, binti yake ameuza shamba, na anahamia nyumba ya kulelea wazee. Aliyenunua hataki ndege. Bukini wote walichinjwa Jumatano, siku moja baada ya yeye kuokota mayai haya kumi na mawili. "Nimepiga simu kila mahali ninapojua," aliandika. "Hakuna mwingine aliyenao. Walio ndani ya boksi hili ndio wote."

Nakumbuka feni ya chumba cha baridi ikiunguruma, na nakumbuka nilianza kulia, mtu mzima mwenye beji ya msimamizi kifuani. Bi Nyuzi alinyanyuka, akalikung'uta gauni, akalibeba boksi.

"Machozi hayatotoleshi," akasema. "Leta gari."

Nilitarajia atayatupa. Ninasema kweli, njia nzima nilikuwa nasubiri aniambie nisimame kwenye jalala. Ukitia shaka, tupa. Na hapa shaka ilikuwa inatosha kujaza lori. Lakini alikaa kiti cha nyuma, amelipakata boksi, na kila nilipopita shimo barabarani alinipiga begani.

Mashine ilikuwa sebuleni, mahali palipokuwa na televisheni. Mdogo wake alikuwa kwenye cherehani. Aliposikia habari, aliachia kanyagio na kushika kichwa.

"Mmeyagandisha? Mmehangaika miezi saba halafu mmeyagandisha?"

"Nyuzi nne si kuganda," Bi Nyuzi akasema.

"Dada, hata mimi ukinitia mule siku mbili sitoki na mtoto."

"Mama Mdogo, kosa ni langu," nikasema.

"Najua ni lako, baba. Kosa moja haliachi mke, lakini hili lako lina uzito wa makosa tisa."

Bi Nyuzi aliyapanga mayai kwenye trei, ncha nene juu, akayaacha yapumzike siku nzima ili kifuko cha hewa kitulie baada ya safari, kisha akayalaza kwenye mashine. Yalikuwa makubwa, meupe kama chokaa, kila moja linajaza kiganja. Kwa penseli aliandika namba, moja hadi kumi na mbili. Kisha akachukua fomu mpya, akaichora mistari kwa rula, na akaitundika ukutani na kalamu yake kwa kamba.

Jioni ile fundi alipiga simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoikumbuka. Alitaka kujua kama yamefika salama. Nilimtazama Bi Nyuzi.

"Mwambie yamefika, hakuna lililovunjika, yako kwenye mashine."

"Na ile habari nyingine?"

"Hatutoi taarifa bila namba. Tukizipata namba, atapewa zote."

Nikawa nakwenda kila siku nikitoka kazini. Hakuniita, na hakunifukuza. Mayai ya bukini yana mambo yake: kuanzia wiki ya pili unayatoa nje ya joto kila siku, robo saa hivi, unayanyunyizia maji ya uvuguvugu, kwa sababu mama yao hushuka kwenye kiota kwenda kula na kuoga, akarudi na manyoya mabichi. Bi Nyuzi alipoufungua mlango wa mashine mara ya kwanza kuyapoza, niliruka.

"Mama, baridi!"

"Sasa ndiyo unaiogopa?" akaniuliza. Mdogo wake alicheka mpaka akajichoma sindano.

Siku ya kumi tulipima. Tulifunga mapazia mchana kweupe, tukajifunika shuka nzito sisi watatu kama watoto wanaocheza, tukawasha tochi chini ya yai moja moja. La kwanza liling'aa tupu, njano, halina kitu. La pili tupu. La tatu lilikuwa na duara jekundu, alama ya damu iliyoanza kujijenga ikakata tamaa. La nne, la tano, la sita, yote tupu. Alikuwa anaandika kila moja bila kutikisa uso, na mimi nilikuwa nataka anipige, anitukane, afanye chochote.

Yai la saba lilikuwa na mishipa.

Ilikuwa imetapakaa kama mizizi, myekundu, na katikati kitone cheusi kilichorukaruka. Mdogo wake, ambaye kutwa nzima alikuwa anatucheka, alisema "Mungu wangu" na kushika mkono wangu kwa nguvu. Bi Nyuzi alishusha kalamu. Aliliangalia yai lile mpaka tochi ikaanza kumuunguza vidole.

"Haiwezekani," akasema. "Nyuzi nne. Saa arobaini na tatu."

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akilalamika kwamba kitu kimepona. Nilimwelewa baadaye. Maisha yake yote alitupa kila kilichotiliwa shaka, na alifanya vizuri, kwa maana chanjo haina moyo wa kupiga. Lakini sasa moyo ulikuwa unapiga mbele yake, kinyume cha kila alichojua.

Yaliyokuwa na uhai yalikuwa manne. Moja lilifia njiani siku ya ishirini, tukalijua kwa kuwa mishipa ilikwisha kufifia. Yakabaki matatu. Siku ya thelathini asubuhi mdogo wake alinipigia nikiwa kazini, anapiga kelele kwamba yai linasema. Sikuomba ruhusa. Niliacha kalamu juu ya fomu nikaondoka.

Nilikuta matatu yote yametobolewa. Tulikaa mbele ya kioo cha mashine siku nzima kama watu waliopanga foleni. La tisa likapasuka, akatoka kifaranga mbichi, mzito, amechoka. Baadaye la kumi na moja. La saba, lile la kwanza kuonyesha mishipa, liligonga mpaka alasiri kisha likanyamaza. Bi Nyuzi hakuruhusu mtu alisaidie. Kesho yake alilivunja mwenyewe, akatuonyesha, akaandika.

Wawili kati ya mayai kumi na mawili. Nilipiga hesabu kama mjinga yeyote: wawili, maana yake mume na mke, maana yake mwanzo. Mdogo wake alikwisha kuanza kuwaita bwana na bibi harusi. Hata Bi Nyuzi alitabasamu mara mbili siku ile, nilihesabu. Nilijiona nimesamehewa na mbingu.

Siku ya tatu akaja daktari wa mifugo kukagua, dada mmoja mwenye buti za mpira na mikono myepesi. Alimchukua wa kwanza, akamgeuza chali kiganjani, akabonyeza chini ya mkia kwa kidole gumba, akaangalia.

"Dume," akasema.

Akamrudisha. Akamchukua wa pili. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilijikuta nimeshika kitasa. Aliangalia, akasogea dirishani penye mwanga, akaangalia tena, na nikamchukia kwa kule kuangalia tena.

"Huyu naye dume. Samahani, mama."

Mdogo wake alisema labda amekosea, wadogo bado. Daktari alisema angependa awe amekosea. Alipima miguu, akagonga muhuri, akatuaga kwa adabu, na sisi tulibaki tumesimama sebuleni, katikati vifaranga wawili wanene wa kijivu wanakimbilia kandambili za Bi Nyuzi. Madume wawili. Wataishi miaka ishirini, wataota manyoya yao ya kujikunja, watakuwa wazuri kupita maelezo, na baada yao hakuna. Ningekuwa nimeliacha lile boksi mezani tu, juani, sakafuni, popote!

"Mpigie," Bi Nyuzi akasema.

"Mama, tungoje kidogo."

"Namba tunazo. Mpigie. Mwambie yalikaa saa arobaini na tatu kwenye nyuzi nne. Mwambie manne yalishika, matatu yalifika, wametoka wawili, wote madume. Na mwambie kosa ni langu."

"Kosa ni langu mimi!"

"Wewe ulifanya nilichokufundisha. Mimi sikusema namba. Nani anaacha mzigo bila kusema namba? Mpigie."

Nikampigia, sauti ya simu ikiwa wazi ili wote wasikie. Alipokea muuguzi. Alisema mzee amedhoofu sana wiki hii, haongei kwa muda mrefu, lakini kila akiamka anaulizia simu kutoka kwetu. Akamwekea simu sikioni. Tulisikia kwanza pumzi, ndefu, inakwaruza.

Nilimwambia wametoka wawili.

Fundi akatoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko au kikohozi. Kisha akauliza jambo moja, polepole, kwa maneno machache. Nikageuka.

"Anauliza kama yupo jike."

"Mwambie hapana," Bi Nyuzi akasema. "Halafu umweleze yote."

Nilifungua kinywa. Naapa nilikusudia kusema ukweli; jibu nilikuwa nalo tayari ulimini. Lakini ile pumzi ilikuwa inangoja upande wa pili, na nilichosema kilikuwa ndiyo.

Ndiyo na hapana ni maneno mawili ya lugha ile ambayo Bi Nyuzi anayajua. Niliona uso wake unabadilika. Simuni fundi alisema kitu, akakirudia, na nililazimika kukitafsiri kwa sauti isiyokuwa yangu.

"Anasema, basi bado wapo."

Tukamsikia analia, kilio chepesi cha mzee aliyeshushiwa mzigo. Muuguzi akachukua simu, akatushukuru, akasema hajamwona hivi tangu alipofika, na kwamba atatupigia kesho. Kisha ikakatika.

Mdogo wake alitazama sakafu, akasema taratibu, si kwa kunichamba, "Njia ya mwongo ni fupi, baba." Nilijua. Nilimtumikia mwanamke huyu nikaona akimfukuza mtu kwa kuandika nyuzi ambazo hakuzisoma. Nilisimama mbele yake nikisubiri yangu, na nilikuwa tayari kuipokea. Angenifukuza nisikanyage tena pale, ningesema ni haki.

Alienda ukutani, akachukua kalamu yake, akaandika kwenye fomu kwa mwandiko wake wa kusimama: dume, dume. Akaweka tarehe. Kisha akainama, akawaokota wale vifaranga mmoja kila kiganja, akawalinganisha kwa muda mrefu.

"Kesho watataka picha," akasema bila kunitazama. "Jike ni huyu mwenye shingo fupi. Usije ukawachanganya."